Nitie sahihi mwalimu aache kuwatoa watoto nje?

BARUA

Mama Mshauri, hujambo?

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Dandora, hapa Nairobi, na nauza mboga kibandani. Nakuandikia usiku kwa sababu usingizi umenikataa, na jambo lenyewe siwezi kumwambia mtu wa hapa. Kila ninayemjua yumo katika kundi lile lile la WhatsApp la wazazi.

Kifungua mimba wangu ni msichana wa miaka kumi na mmoja, yuko gredi ya tano katika shule ya umma. Darasani mwao wako sabini na wawili. Muhula huu wa pili ulipoanza waliletewa mwalimu mgeni, kijana, anayewafunza hesabu, sayansi na kilimo. Tangu aje, mara tatu kwa wiki huwatoa darasani. Huwapa kamba wakapime eneo la uwanja. Huwaketisha chini ya mti mmoja uliobaki wachunguze wadudu. Siku za jua huwafanya wapime kivuli cha mlingoti wa bendera kila baada ya muda na kukiwekea alama kwa chaki.

Mtoto huyu, Mama, alikuwa wa kujibu neno moja. Ukimwuliza shule ilikuwaje, "sawa." Siku hizi nikiwa nakata sukuma wiki yeye anaongea mpaka namwambia apumue. Jumamosi moja nilimkuta amesimika kijiti cha ufagio ndani ya mkebe wa udongo uani, sakafu ya saruji imejaa alama za makaa. Akaniambia, "Mama, saa sita si saa sita. Kivuli kinafika ufupi wake saa sita na nusu hivi." Babake akamwambia aache upuzi. Yeye ambaye hajawahi kumjibu babake akasema kwamba mwishoni mwa Septemba kivuli cha adhuhuri kitavuka upande wa pili wa mlingoti, na kwamba ni yeye aliyechaguliwa kuweka alama siku hiyo.

Lakini sikiliza na upande huu. Mwezi wa Juni mwalimu aliwatembeza hadi karibu na Mto Nairobi waone maji yalivyobadilika rangi. Hakutuma barua wala ujumbe. Mvulana mmoja alikanyaga kigae cha chupa kikapenya kiatu, ikabidi apelekwe zahanati adungwe sindano ya pepopunda. Siku hiyo upepo ulikuwa unaleta moshi wa jalala upande wetu. Wangu ana pumu, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa imebaki darasani kwenye mkoba. Alirudi akikohoa, nikakaa naye macho mpaka alfajiri. Kisha mtihani wa katikati ya muhula ukaja, akapata 54 katika hesabu. Muhula wa kwanza alikuwa na 68.

Sasa wazazi wameandika barua kwa mwalimu mkuu. Wanataka masomo yote yafanyike ndani ya darasa, na mwalimu huyo aondolewe gredi ya tano muhula wa tatu ukianza. Wametia sahihi 41. Mimi ni mweka hazina wa darasa, wananisubiri, na wanataka barua ifike kabla ya kufunga shule. Mume wangu anasema nitie sahihi leo. Anasema mchezo hauna cheti, na mwaka ujao ni KPSEA, mtihani wa kitaifa wa gredi ya sita.

Nami nina yangu ambayo sijawahi kuyasema. Nilisomea kijijini, Kitui. Kila wiki tulitolewa darasani twende mtoni na vidumu vya lita tano kujaza tangi za nyumba za walimu. Msimu wa mvua tulipalilia shamba la mwalimu. Nilifanya KCPE, ule mtihani wa zamani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka wa 2004 nikapata alama 211, masomo yakaishia hapo. Nikiona mtoto wangu yuko nje wakati wa somo, mwili wangu unakumbuka dumu.

Nikitia sahihi naona kama ninamzima mtoto. Nisipotia, na mtoto wa mwenzangu aumie tena, nitamwangaliaje? Nusu ya wazazi hao ni wateja wangu. Niambie, watoto wanafaa kufunzwa nje ya darasa, au tumepotea?

*Mama Mboga, Dandora*

JIBU

Mama Mboga mpendwa,

Pole kwa usiku ule wa Juni. Aliyewahi kumshikilia mtoto wa pumu mpaka kukuche hahitaji kuambiwa ulivyokuwa. Pole pia kwa lile dumu, ambalo naona umelibeba muda mrefu kuliko mtu yeyote aliye karibu nawe anavyojua.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Umeniuliza kama watoto wafunzwe nje, lakini mbele yako kuna karatasi moja iliyofungia mambo kadhaa, na unatakiwa uyakubali au uyakatae yote kwa sahihi moja. Humo mna mvulana aliyeumia na mwalimu ambaye hakuomba ruhusa. Mna alama 14 zilizopotea na mume mwenye wasiwasi wa mtihani. Ndani kabisa, mahali ambapo wazazi wenzako hawaoni, mna msichana wa Kitui aliyetolewa darasani bila kuulizwa. Sishangai usingizi kukukataa.

Niruhusu nianze na msichana huyo. Ulipokuwa njiani na dumu, mwalimu alikuwa wapi? Uliporudi, kuna aliyekuuliza kiasi cha maji uliyobeba, umbali uliotembea, au kwa nini mto hukauka Septemba? Nadhani najua jibu. Shule zetu nyingi zilikuwa na mashamba yenye nia njema. Vilabu vya 4K, Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilikusudiwa mtoto ajue kupanda na kufuga kwa mikono yake. Mahali fulani nia hiyo ilitekwa, na mtoto akawa kibarua wa mwalimu. Kwa hiyo hofu yako ina mizizi, na sitakuambia uing'oe. Naomba tu uichunguze. Ulichonyang'anywa kilikuwa somo. Mlango wa darasa ulikuwa tu pale kilipopitishiwa. Wapo watoto walionyang'anywa somo wakiwa wameketi ndani siku nzima, wakinakili ubaoni maneno wasiyoyaelewa.

Ikiwa ni hivyo, huenda swali la kujiuliza kuhusu mwalimu huyu ni kama kuna somo linalotendeka huko nje. Hilo unaweza kulichunguza bila kumwuliza mtu. Fungua daftari la binti yako. Baada ya siku ya kamba uwanjani, kuna vipimo vimeandikwa? Kuna hesabu ya eneo iliyofanywa na kusahihishwa? Baada ya kutazama wadudu, kuna michoro na majina? Ukikuta kurasa tupu kwa wiki kadhaa, wazazi wenzako wana hoja kubwa kuliko kigae cha chupa. Ukikuta kazi, utakuwa umejua jambo ambalo wengi wa wale 41 pengine hawajalitazama.

Kuhusu kivuli, mwambie baba wa nyumba, kwa upole, kwamba mtoto hakusema upuzi. Saa zetu za Afrika Mashariki zimewekwa kwa kufuata mstari wa longitudo wa digrii 45 mashariki. Nairobi iko karibu digrii 37. Jua huchukua dakika nne kuvuka digrii moja, kwa hiyo kutoka mstari ule hadi kwenu ni digrii nane mara dakika nne, dakika 32. Ndiyo maana kivuli hufikia ufupi wake saa sita na nusu hivi, kikisogea mbele au nyuma dakika kadhaa kulingana na mwezi. Mtoto wa gredi ya tano anaweza kuifanya hesabu hiyo mwenyewe. Na lile la Septemba ni kweli pia. Nairobi iko digrii moja na kitu kusini mwa Ikweta. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na kivuli huelekea kusini. Ifikapo Desemba mambo hugeuka. Mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na wiki ya mwisho ya Septemba, jua hupita utosini na kivuli huhama. Mtoto wa London hawezi kukiona kitu hicho akiwa kwao, maana kivuli chake cha adhuhuri huelekea kaskazini mwaka mzima. Watoto wa Dandora wanacho bure, kwenye mlingoti wanaousimamia kila Jumatatu asubuhi wakiimba wimbo wa taifa. Nakiri kwamba nilipofika hapo kwenye barua yako nilisimama kidogo kwa furaha.

Lakini furaha yangu haitibu kifua cha binti yako.

Mwaka wa 1904, huko Charlottenburg karibu na Berlin, ilifunguliwa shule ya msituni kwa ajili ya watoto dhaifu na wagonjwagonjwa. Walisomea kati ya misonobari ili hewa safi iwape nguvu. Shule za namna hiyo zikaenea nchi nyingine, hasa kwa hofu ya kifua kikuu. Nakutajia hayo kwa sababu wanaosifu masomo ya nje huwa na nje ya namna hiyo akilini, na binti yako hakupewa misonobari. Alipewa moshi wa jalala na vigae. Mtu akikuambia "hewa ya nje ni nzuri kwa mtoto," una haki ya kumwuliza ni nje ipi, siku ipi, upepo ukitokea wapi.

Jambo hili linaniuma, nitakuambia wazi. Upande mwingine wa jiji hili kuna wazazi wanaolipa karo nzito ili watoto wao wafunzwe chini ya miti, na hakuna anayewaita wapotevu. Watoto wa mitaa yetu wakitoka nje tunaona wamekosa shule, kwa sababu wengi wetu tulijinyima ili wapate paa na dawati. Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira, alipopigwa na walinzi pale Karura, hapa Nairobi, Januari 1999, alikuwa amekwenda kupanda mti katika msitu wa umma uliokuwa ukimegwa. Msitu ule ni wa binti yako pia, ingawa nauli ya kutoka Dandora hadi huko na kurudi ni pesa ambayo wewe unajua vizuri ingenunua nini.

Sasa zile alama. Kutoka 68 hadi 54 ni mshuko, wala sitaupuuza. Hukuniambia mtihani ulikuja wiki gani. Ulikuwa karibu na usiku ule wa kikohozi? Alikosa shule siku ngapi? Wenzake sabini na mmoja walishuka pia, au ni yeye peke yake? Kama darasa zima limeshuka, kuna jambo kuhusu namna wanavyofunzwa. Kama ni yeye tu, huenda jambo liko mwilini mwake au nyumbani. Inawezekana pia kwamba anaelewa zaidi na anaandika kidogo. Kukielewa kivuli na kujibu swali la kivuli kwenye karatasi ni stadi mbili, na mwalimu anayependa uwanja anaweza kuisahau ile ya pili. Hilo ni swali halali la kumwuliza.

Mume wako naye asikilizwe. Anamtakia mtoto asiishie pale ulipoishia wewe, na hapo mko pamoja hata kama hamjaambiana. Ila nahisi anaiona KPSEA kwa jicho la KCPE, ule mtihani ulioamua maisha ya watu kwa siku chache. KPSEA haimfungii mtoto mlango wa sekondari ya chini. Matokeo yake huhesabiwa asilimia 20 katika yale yatakayompangia nafasi ya sekondari ya juu. Ni muhimu, lakini si kisu kile kilichokukata wewe mwaka wa 2004. Na Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutumika kote nchini mwaka wa 2019, wenyewe unataka watoto watoke, watazame na wapime. Kwa hiyo mwalimu hakuzua mambo yake. Namna alivyoyafanya ndiyo ya kujadiliwa.

Mtu akikuahidi kwamba masomo ya nje yataongeza alama, mwulize amejuaje. Mimi naweza kukutajia jambo dogo ambalo limepimwa vizuri. Huko Guangzhou, China, watoto wa darasa la kwanza katika baadhi ya shule waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka mitatu, waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30 hivi. Katika shule ambazo hazikuongezewa, walikaribia asilimia 40. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 2015. Yanahusu macho, na hayasemi lolote kuhusu hesabu.

Turudi kwenye kalamu uliyoishika. Ukitia sahihi, nyumba itatulia na kundi litatulia, na kuna uwezekano mkubwa watoto watakuwa salama zaidi kwa moshi na vigae. Lakini mwalimu akiondolewa binti yako atajua, na atajua jina la mamake lilikuwemo. Darasa la watoto sabini na wawili halifichi siri. Usipotia sahihi na ukanyamaza, utakuwa umemlinda mwalimu bila kubadilisha chochote kilichomuumiza yule mvulana. Akiumia mwingine, utajilaumu kabla ya kulaumiwa. Na ndiyo, huenda wateja wawili watatu wakahamia kibanda cha jirani. Sitajifanya hiyo si hasara.

Unaweza pia kuuliza swali moja kwenye kundi kabla ya kufanya lolote. Kati ya hao 41, wangapi wanataka mwalimu aondoke, na wangapi walitaka tu kuambiwa mapema? Nimewahi kuona barua za aina hii. Mara nyingi wachache wenye hasira huandika, na wengi wenye hofu hutia sahihi. Kama wengi ni wa hofu, barua inaweza kuandikwa upya iseme wanachokihofia: ujumbe kwa wazazi kabla ya kuvuka geti, mzazi mmoja au wawili wa kusindikiza, dawa ya pumu iwe mfukoni mwa mwenye pumu, siku ya moshi wabaki ndani, mtoni wasiende bila viatu vya maana au wasiende kabisa. Hatari ya njia hii ni kwamba mwenyekiti anaweza kukuona unabomoa kazi yake, na barua iliyolainishwa sana huwekwa kwenye faili ikasahaulika. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa kila mzazi nafasi katika chama cha wazazi cha shule. Jambo likiletwa huko hujadiliwa mbele ya watu, si kwa jumbe za saa nne usiku.

Au uende kumwona mwalimu mwenyewe kwanza. Ni kijana, ni mgeni, na pengine hajui kwamba karatasi inazunguka. Anaweza kukushukuru, anaweza pia kujitetea kwa ukali, na wazazi wakisikia ulikwenda peke yako wanaweza kukuita msaliti. Ukienda, mpeleke yule msichana wa Kitui pamoja nawe. Mwambie kuhusu dumu. Sidhani kama kuna aliyewahi kumweleza mwalimu huyu kwa nini mzazi anaweza kuona watoto uwanjani akaumwa na tumbo.

Kuna mtu mmoja ambaye sijamsikia katika barua yako akiulizwa chochote, naye ni binti yako. Usimwulize kama anampenda mwalimu, hilo umeshalijua. Mwulize kifua kilimwanza saa ngapi siku ile ya mtoni, na kama alimwambia mtu. Mtoto anayelipenda somo anaweza kuficha kikohozi asirudishwe darasani. Kama alikificha, hiyo ni hatari ambayo hakuna sahihi itakayoiondoa, iwe yuko ndani au nje, mpaka muizungumze nyinyi wawili.

Uamuzi ni wako, na siku za kufunga shule zinakaribia. Lakini huo mkebe wa udongo ulioko uani usiutupe, na mwenye nyumba akilalamikia makaa, mwombe avumilie miezi miwili. Kivuli cha Septemba kitavuka hapo kwenu pia, kwenye saruji yenu, saa sita na nusu kasoro kidogo, awe nani anafunza gredi ya tano. Siku hiyo ukiweza funga kibanda kidogo ukamshikie saa. Kisha niandikie uniambie kilivuka tarehe ngapi.

*Mama Mshauri*